Wenzangu wa ICU, tuyaandike na yale ya nusura: ampuli mbili za plastiki kwenye droo moja

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni nesi, huu ni mwaka wa tisa niko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hospitali siitaji na mkoa siutaji. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, na walio kwenye fani waongezee.

Ilikuwa kama saa tisa kasoro usiku. Mgonjwa wa kitanda namba tatu yuko kwenye mashine ya kupumulia, ana njia kubwa ya dawa shingoni. Nimemaliza kumpa antibayotiki, nataka kusafisha njia kwa maji ya chumvi. Nikavuta droo, nikachukua ampuli ya plastiki ya mililita kumi, nikakata kichwa, nikavuta kwenye bomba la sindano. Mwenzangu alikuwa ameinama upande wa pili wa kitanda anapima mkojo. Akainua kichwa, akaniuliza, "Sista, hiyo umeisoma?"

Nikaigeuza ile ampuli kwenye mwanga wa monita. Potasiamu kloraidi.

Kwa wasio wa fani: potasiamu nzito huchanganywa kwenye dripu na kuingia taratibu, kwa saa kadhaa, huku moyo unaangaliwa. Ukiisukuma moja kwa moja kwenye njia ya shingoni, moyo unasimama. Na mgonjwa wa kwenye mashine amelazwa usingizi, hawezi hata kukwambia panawaka.

Zilifikaje droo moja? Miaka yote potasiamu yetu ilikuja kwenye ampuli za kioo, maji ya chumvi kwenye plastiki. Mkono ulikuwa umeshazoea, hata gizani unajua umeshika nini. Shehena mpya ikaja zote plastiki, umbo moja, urefu mmoja, maandishi madogo. Aliyepanga droo alipanga kama alivyopanga siku zote, na mimi nikachukua kama nilivyochukua siku zote.

Nilimwaga ile dawa, nikachukua nyingine, nikaisoma mara tatu, nikaendelea na zamu. Asubuhi wakati wa kukabidhi nilieleza kila kitu cha kitanda namba tatu: presha, mkojo, makohozi, sukari. Hilo sikulisema. Niliona mgonjwa hajadhurika, sasa nitasema nini? Na kusema kweli niliogopa kuonekana nesi asiyesoma dawa.

Siku kumi na tisa baadaye, zamu nyingine, dada mmoja mwenye uzoefu kunizidi alivuta droo ile ile. Yeye hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alisukuma kidogo tu, mawimbi ya monita yakaanza kupanuka na mapigo yakashuka. Kwa bahati daktari alikuwa pale pale, wakawahi kumpa mgonjwa kalsiamu, wakambana kifua dakika chache, akarudi. Mgonjwa alipona na alitoka ICU.

Kabla ya saa nne asubuhi yule dada alikuwa ameshapewa karatasi aandike barua ya kujieleza. Wiki hiyo hiyo akahamishwa kitengo. Droo ilikaa vile vile kwa siku sita zaidi, mpaka nilipoenda kuzitoa mimi mwenyewe.

Hizo siku kumi na tisa ndizo zimenifanya nifungue uzi huu. Nilikuwa na habari ambayo ingemwokoa yeye na mgonjwa wake, nikaifungia kifuani. Naomba tujadili: kwenye ICU zenu, jambo likitaka kutokea lisitokee, linaandikwa? Na likiandikwa, linakwenda wapi?

Mchekechaji

Pole sana sista. Lakini tuseme ukweli, hayo ya kuandika ni ya hospitali za wenzetu. Mimi niko ICU ya vitanda sita, usiku tuko wawili, ukiwa na bahati watatu. Kuna kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kuna kunyonya makohozi, kuna dawa za kila saa. Fomu ya kurasa mbili nitaijaza saa ngapi? Halafu nikiijaza, nimejiandikia mashtaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwana wa Kisauni

Mimi niko Mombasa. Aliyosema mwenzangu hapo juu ni kweli tupu. Mwaka 2018 pale hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kumbe siye aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganyika. Mnakumbuka habari ya kwanza tuliyoisikia? Daktari mpasuaji kasimamishwa, wauguzi wamesimamishwa, wa usingizi kasimamishwa. Kisha madaktari wanaosomea ubingwa wakaingia kwenye mgomo kumtetea mwenzao.

Mimi siku ile nilitaka kujua kitu kimoja tu: kabla ya hapo, lebo zilikuwa zimeshachanganyika mara ngapi zikagunduliwa mlangoni, watu wakabadilishana wakaendelea na kazi? Maana huku kwetu nimeona zaidi ya mara moja, na sikumbuki popote palipoandikwa. Wallahi sikumbuki.

Zamu ya Usiku

Mwana wa Kisauni, umegusa penyewe. Ngoja nieleze kisa kimoja cha marubani, maana ndicho kilichonifumbua macho.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa inakaribia kutua uwanja wa Dulles karibu na Washington, Marekani. Hali ya hewa mbaya. Waongoza ndege wakawaruhusu waanze kukaribia uwanja, marubani wakaelewa wanaweza kushuka mpaka futi 1,800. Mbele yao kulikuwa na mlima. Watu wote 92 waliokuwemo walifariki.

Uchunguzi ukaonyesha kwamba wiki sita hivi kabla, marubani wa shirika la United walielewa ruhusa ile ile vilevile, wakashuka vilevile, wakapita juu ya mlima ule kwa nafasi ndogo mno. Walitoa taarifa! Walifanya wajibu wao. Lakini taarifa ilibaki ndani ya shirika lao, wakaonywa marubani wa kwao tu. Wa TWA hawakuwa na habari.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Droo yangu ilikuwa mlima ule ule.

Mwaka 1976 Marekani wakaanzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga na kuukabidhi kwa NASA, shirika lao la anga za juu. Kwa nini NASA? Kwa sababu NASA haina mamlaka ya kumnyang'anya rubani leseni. Ukiandika, kipande chenye jina lako kinakatwa na kurudishwa kwako, inabaki habari tupu. Mpaka leo marubani wanaandika.

Na potasiamu si balaa la kwetu peke yetu, kaka Mchekechaji, wala si la watu wavivu kusoma. Kule Marekani, Joint Commission, wanaokagua ubora wa hospitali, walipoanza kutoa tahadhari zao mwaka 1998, ya kwanza kabisa ilihusu potasiamu kloraidi. Uingereza nao walipounda wakala wa usalama wa wagonjwa, tahadhari yake ya kwanza mwaka 2002 ilikuwa hiyo hiyo: iondolewe kwenye droo za wodi. Walijuaje? Kuna watu walioandika.

Tena iko hesabu ya ICU zenyewe. Tarehe 21 Januari 2004, ICU 205 katika nchi 29 zilikubaliana kuandika kila kilichokwenda kombo kwa saa 24. Wagonjwa walikuwa 1,913. Yaliandikwa matukio 584, yakiwa yamewagusa wagonjwa 391. Siku moja tu hiyo! Mirija na njia za dawa kuchomoka au kuachanishwa isivyofaa, wagonjwa 158. Dawa, 136. Vifaa kugoma, 112. Njia ya hewa kutoka, kuziba au kuvujisha, 47. Kengele kuzimwa isivyofaa, 17. Hizo nyingi ni ICU zenye nesi na pampu za dawa za kutosha kuliko sisi. Kwa hiyo anayeniambia ICU yake haina matukio, mimi najua haina daftari.

Mtanga wa Dallas

Salamu kutoka Texas, niko ICU huku mwaka wa kumi na moja. Naunga mkono uzi ila msidhani huku ni peponi.

Kesi ya nesi RaDonda Vaught kule Nashville kila nesi wa hapa anaijua. Desemba 2017 alitumwa kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza kabla ya kipimo cha picha. Akaandika herufi mbili za mwanzo za jina la biashara kwenye kabati la dawa la kompyuta, kabati limepangwa kwa majina ya asili, dawa haikutokea. Akapita njia ya dharura, akaandika tena zile herufi mbili, likamtolea vekuroniamu, ambayo inalegeza misuli yote hata ya kupumua. Mgonjwa alifariki. Kulikuwa na alama za kumtahadharisha na akazipita, mwenyewe hakukataa. Alikiri siku ile ile, hakuficha neno. Alifukuzwa kazi, akashtakiwa, akanyang'anywa leseni, na Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani. Mei akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela.

Hospitali yenyewe haikutoa taarifa kwa mamlaka kama ilivyotakiwa. Wakaguzi wa serikali waliijua 2018 kupitia mtu asiyejitaja.

Baada ya hukumu niliwaona wenzangu hapa, watu waliokuwa wanaripoti kila kitu, wanaanza kusita mbele ya kompyuta. Jimbo la Kentucky mwaka 2024 likapitisha sheria ya kuwakinga wahudumu wa afya wasishtakiwe kwa jinai kwa makosa ya kikazi yasiyo ya uzembe mkubwa au ya makusudi. Jimbo moja. Kwa hiyo dada, hofu ya Mchekechaji usiibeze.

Zamu ya Usiku

Siibezi, kaka. Niliishi nayo siku kumi na tisa.

Nieleze tulichofanya, maana hatukuwa na kompyuta wala sheria. Tulinunua kaunta buku. Tukalifunga kamba kwenye kabati la dawa pamoja na kalamu. Ndani tukapiga mistari: saa, kitanda, nini kilitokea au kilitaka kutokea, nini kilikizuia, tufanye nini. Jina la mhudumu haliandikwi, jina la mgonjwa haliandikwi. Tukayaita "ya nusura", maana kila mtu akisimulia huanza hivyo: nusura mpira utoke, nusura nimpe mara mbili.

Wiki tatu kurasa zikabaki nyeupe. Kila mtu analipita kama halipo.

Alhamisi moja inchaji wetu (nesi msimamizi wa wodi), mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, alilifungua baada ya makabidhiano, akaandika mbele yetu sote huku anatamka kwa sauti. Alikuwa ameandika kiwango cha insulini kwenye chati kwa kifupisho cha herufi U, ile U imekaa kama sifuri, na nesi wa usiku alikuwa karibu kutoa uniti 40 badala ya 4. Nesi huyo alimpigia simu kuuliza. Mama akamaliza kuandika, akasema, "Mimi ndiye niliyeandika ile chati. Nani mwingine?"

Wiki ile yaliingia saba.

Mchekechaji, kuhusu muda, hili hapa moja nililoandika mimi, nanukuu kama lilivyo:

"Saa 11 alfajiri. Kitanda 5. Tulipomgeuza mgonjwa, mpira wa kupumulia ulivutika sentimita 3. Mirija ya mashine ilikuwa imebanwa chini ya reli ya kitanda. Aliona aliyeshika kichwa, tukasimama. Tufanye: mtu mmoja ashike mpira tu, asifanye kingine, na mirija iachiliwe kabla ya kuhesabu moja mbili tatu."

Dakika mbili. Kila Alhamisi tunasoma yote kwa sauti, dakika kumi, na kila moja linapata mtu wa kulifuatilia na tarehe. Potasiamu sasa iko kwenye kisanduku chekundu ndani ya kabati la kufuli, na hatoi mtu mmoja peke yake. Insulini inaandikwa "uniti" kwa kirefu.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Mwezi wa nne kulikuwa na likizo nyingi, tukaruka Alhamisi tatu mfululizo, na maandishi yakapungua mpaka moja kwa wiki. Watu wakiona wameandika na pampu bado ile ile mbovu, wanaacha. Hawalaumiki. Kisha mtu wa utawala akaja kulichukua, anataka kujua tukio fulani lilikuwa zamu ya nani. Inchaji alimpa majibu ya tukio na daftari akabaki nalo mkononi. Suala hilo bado halijaisha, na mama yule mwakani anastaafu. Hapo ndipo ninapolala macho.

Mtu akija amelewa, akiiba dawa za usingizi, akimpiga mgonjwa, hayo hayahusiani na daftari letu. Yana njia zake na yaende huko.

Fundi Vifaa

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, naomba niseme upande wetu. Ninaletewa mashine ya kupumulia imebandikwa plasta, imeandikwa MBOVU kwa kalamu. Basi. Naiwasha karakana, inafanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili bila tatizo, nairudisha. Wiki mbili inarudi na plasta nyingine.

Kuna moja ilinisumbua hivyo mara tatu. Mara ya nne nesi akaandika kwenye karatasi: "Ilizima saa nne na dakika arobaini usiku, ilikuwa imechomekwa ukutani, haikulia kengele." Nikachukua ile saa nikaenda nayo kwa mlinzi wa jenereta. Kwenye daftari lake: umeme ulikatika saa nne na dakika thelathini na tisa, jenereta likashika. Betri ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa. Zile sekunde za kusubiri jenereta ndizo zilizokuwa zinaizima, na karakana kwangu umeme haukukatika hata mara moja nilipoipima.

Nawaomba: kwanza mgonjwa, mpeni hewa kwa mkono. Kisha msigeuze vitufe vya mashine, msitupe mirija, pigeni picha skrini, andikeni namba ya mashine na saa. Na kwa Tanzania, kifaa au dawa ikiwa ndiyo yenye kasoro, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wanapokea taarifa. Ile fomu ya njano ya madhara ya dawa wengi mnaijua, lakini tangu 2019 jina lao lenyewe linataja vifaa tiba.

Mama Wawili

Samahani, mimi si wa fani. Baba yangu alilazwa ICU mwaka 2021 na hakutoka. Nimesoma uzi wote kuanzia juu, nina swali moja kwa dada aliyeuanzisha. Yule mgonjwa wa siku ya kumi na tisa. Yeye au watu wake waliambiwa?

Zamu ya Usiku

Hapana, mama. Hawakuambiwa.

Alikuwa na kijana wake, anakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga geti, ana chupa ya uji ambayo hatukuwa tukiipokea kwa sababu baba yake analishwa kwa mpira. Aliambiwa mapigo yalishuka usiku na yakarekebishwa. Neno la uongo hapo halimo, lakini ukweli haukusemwa. Mimi nilikuwepo alipoambiwa hivyo. Nilikaa kimya mara ya pili.

Sasa tumekubaliana na madaktari wetu: tukio likimfikia mgonjwa, daktari na nesi wanakaa na ndugu siku hiyo hiyo, wanaeleza kilichotokea, wanaomba radhi, wanasema nini kinafanyika. Tumefanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ndugu walifoka sana, na walikuwa na haki. Mara ya pili mke wa mgonjwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yule nesi aliyekosea, anaendeleaje?"

Pole sana kwa baba. Kama kuna jambo mlilojiuliza na hamkujibiwa, mna haki ya kuomba kuelezwa kilichoandikwa kwenye faili lake. Nikutumie ujumbe nikueleze pa kuanzia.

Mama Wawili

Ahsante kwa kunijibu hivyo. Nitumie.

Mchekechaji

Niko zamu sasa hivi, nimeingia saa mbili. Baada ya kusoma ile ya ampuli nimeinuka nikaenda kuvuta droo yetu. Za plastiki zipo, maji ya chumvi na potasiamu, safu moja, zimetenganishwa na kipande cha boksi ambacho kimeshalala. Nimezihesabu potasiamu, ni kumi na moja. Nimezitoa zote, nimezifungia kwenye kabati la dawa za usingizi, funguo ninazo mimi. Nimemwambia mwenzangu. Asubuhi kwenye makabidhiano nitalisema, na nitasema ziliwekwa vile muda mrefu na mimi mwenyewe nimekuwa nikivuta droo hiyo kila zamu.

Sista, ile mistari ya daftari ipange tena hapa vizuri, ninakili.